Yangambi na vijidudu vinavyolishwa sukari

Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alieleza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata azoti ya hewani kwa msaada wa vijidudu. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck alivitenga vijidudu hivyo. Vinakaa katika vinundu vya mizizi: mmea huvilisha sukari inayotengenezwa majanini, navyo huurudishia azoti.

Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, shirika la utafiti wa kilimo. Makao yake yakawa Yangambi, kilomita karibu 100 magharibi ya Kisangani, iliyoitwa Stanleyville wakati ule. Katika mashamba makubwa ya michikichi ya Kongo, pueraria, ndugu wa kunde, ilitandazwa chini ya miti. Wanakijiji wao walipangiwa mashamba ya milia, yaliyolimwa kisha kuachiwa pori kwa miaka mingi. Wengi walilazimishwa, na baada ya uhuru wa 1960 mpango huo ukafifia.

Leo, karibu na mji, mashamba hayapumziki tena vya kutosha. Mihogo peke yake, mwaka hadi mwaka, inachosha udongo. Karanga na kunde zinalisha vijidudu. Lakini mkulima akichoma mabaki yake, azoti nyingi inapotea na moshi. Heri ayafukie shambani.