Rangi ya Ndege, Asili ya Waliomo

Tuseme una picha ya wanajeshi saba waliosimama chini ya bawa la Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, mwaka 1943. Maswali mawili huja kabla ya mengine: ndege hiyo ilipakwa rangi gani, na watu hao walitoka nchi zipi? Picha hujibu yote mawili, na pote pawili yaweza kukudanganya. Baadhi ya filamu za siku zile hazikuhisi wekundu, hivyo manjano hutoka karibu nyeusi na buluu hutoka nyeupe. Mviringo wa manjano ubavuni mwa ndege ya Uingereza hupotelea gizani. Beji ya begani nayo hueleza nusu ya habari. Joe McCarthy, rubani katika shambulio la mabwawa ya Ujerumani usiku wa tarehe 16 Mei 1943, alikuwa katika jeshi la anga la Kanada, lakini kwao ni New York. Kamanda wake, Guy Gibson, Mwingereza wa kupigiwa mfano, alizaliwa Simla, India.

Tuanze na rangi. Ndege za usiku za Uingereza zilivaa nguo mbili. Mgongoni zilikuwa na mabaka ya kahawia na kijani kilichokolea, ili zikiegeshwa mchana zifanane na shamba. Tumboni na ubavuni zilikuwa nyeusi tititi, ili kurunzi za adui zisizing'amue. Kwa muda Waingereza walitumia rangi nyeusi yenye ngozi ya kukwaruza. Ilimeza mwanga vizuri, ila ilikinzana na upepo, ikapunguza mwendo, tena ilibanduka. Wakarudia iliyo laini zaidi. Wamarekani walipolipima jambo hilohilo kwa ajili ya ndege yao ya kuwinda usiku, P-61, walifika kwingine kabisa: waliona kuwa weusi unaong'aa ndio unaoikwepa kurunzi, kwa sababu mwanga huruka pembeni badala ya kumrudia anayemulika. Swali lilikuwa moja, majaribio yalikuwa ya makini kote kuwili, na majibu yakapingana.

Wajerumani nao, walipoishambulia London usiku mwaka 1940 na 1941, walipaka weusi wa muda juu ya buluu hafifu ya matumbo ya ndege zao. Zamu yao ya kuwinda usiku ilipofika, wakatambua kwamba usiku wenyewe si mweusi. Una nyota, una mwezi, una mawingu yanayorudisha mwanga, na kitu cheusi mbele yake hubaki kivuli dhahiri. Wawindaji wao wakapakwa kijivu hafifu chenye madoa. Tangu katikati ya 1943 wakaitumia hata kurunzi kwa namna mpya: waliyaangaza mawingu kutoka chini, na marubani waliokuwa juu wakaziona ndege za Waingereza zikitambaa juu ya weupe. Hapo mabaka ya shamba hayakufaa kitu.

Baharini hesabu ilipinduka zaidi. Ndege nyingi za Uingereza zilizowinda nyambizi zilikuwa nyeusi kwa sababu tu zilianza maisha kama ndege za mabomu za usiku. Mwaka 1941 kundi la wanasayansi lililoongozwa na mwanafizikia Patrick Blackett liliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: mlinzi aliye juu ya nyambizi huiona ndege mbele ya nini? Mbele ya anga yenye mawingu. Ndege zikapakwa nyeupe tumboni na ubavuni, kama walivyo ndege wengi wa baharini.

Marekani ilikwenda mwisho wa njia. Kufikia mwanzoni mwa 1944, viwanda vyake viliacha kuzipaka ndege za mabomu rangi ya kijani ya jeshi. Zikaruka na ubati wao mtupu, nyepesi kidogo na zenye mwendo zaidi. Zilikwenda mchana kwa mamia, zikisindikizwa. Kujificha kulikwisha kuwa kazi bure. Tena vikosi vyake vilivyokuwa Uingereza vilichukua ndege kuukuu na kuzipaka mistari na madoa ya kuchekesha, makusudi zionekane kutoka mbali, ili nyingine zikusanyike nyuma yake kabla ya kuvuka bahari. Mwenye kuandika historia ya rangi hizi kana kwamba ni historia ya kujificha peke yake ameacha sura moja nzima nje.

Waliomo ndani nao walipangwa kwa desturi tofauti. Uingereza haikuwa na watu wa kutosha. Kwa mkataba uliotiwa saini Desemba 1939, Kanada ikawa chuo cha marubani cha Jumuiya ya Madola, na zaidi ya watu 131,000 wa vyombo vya angani walihitimu huko. Walipofika Uingereza, mara nyingi marubani, waelekeza njia, wadondosha mabomu na wapiga bunduki waliingizwa katika banda moja la ndege na kuambiwa wachaguane wenyewe, kama vijana wanaogawana timu uwanjani. Ni utaratibu wa ajabu kwa jeshi lililopenda orodha, lakini ulifanya kazi. Ndivyo ndege ya Gibson ilivyokuwa na mwelekeza njia Mkanada, Torger Taerum, na mdondosha mabomu Mwaustralia, Frederick Spafford. Kati ya watu 133 walioruka usiku ule wa mabwawa, takriban 30 walikuwa wa jeshi la anga la Kanada.

Mchanganyiko huo uliwezekana kwa kuwa lugha ilikuwa moja. Wapolandi wa kikosi namba 300 na Wachekoslovakia wa namba 311, vikosi vilivyoundwa mwaka 1940, waliruka wao kwa wao; katika sekunde za hatari mtu hapaswi kutafuta kitenzi. Waitalia waliokwenda Ubelgiji mwaka huohuo kuwasaidia Wajerumani walifika na marubani wao, ndege zao za BR.20 na mabaka yao ya Mediterania, wakaonekana wageni kwa rangi na kwa lugha pia. Lakini lugha si sababu pekee. Wakanada walikielewa Kiingereza vizuri tu, na bado serikali yao ilidai kundi lake. Likaanza kazi Yorkshire tarehe 1 Januari 1943. Walitaka vifo vyao vihesabiwe kwa jina lao.

Hata uongozi ndani ya ndege ulitofautiana. Kwa Waingereza rubani ndiye nahodha, hata akiwa sajini aliyembeba ofisa. Kwa Wajerumani wa miaka ya mwanzo, mara nyingi mwangalizi ndiye aliyeamuru, na rubani alikuwa dereva wake. Wafaransa waliorusha ndege za mabomu za Halifax kutoka Elvington, Uingereza, mwaka 1944 waliishika desturi yao: nahodha angeweza kuwa mwelekeza njia. Sioni kwamba mmoja wao alikosea.

Pale ninapoona kosa ni kati ya kujitenga na kutengwa. Wapolandi na Wakanada walijitenga kwa heshima yao. Wamarekani weusi walitengwa. Kikosi chao cha mabomu, cha 477, hakikupelekwa vitani. Aprili 1945 huko Freeman Field, Indiana, maofisa 101 walikamatwa kwa kukataa kutia saini amri iliyowafungia ukumbi wa maofisa wazungu. Wakati huohuo Ben Kuroki, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani kutoka Nebraska, aliruka safari 58 ndani ya ndege za wazungu, Ulaya na kisha juu ya Japani, baada ya kupigania kila ruhusa. Ukuta wa Marekani ulikuwa na mlango mwembamba kwa mmoja na hauna mlango kwa mwingine. Rais Truman alitoa amri ya kuubomoa Julai 1948.

Uingereza nayo isisifiwe kupita kiasi. Hadi vita vilipoanza, uofisa katika jeshi lake la anga uliwekewa watu wa asili ya Ulaya. Kizuizi kiliondolewa Oktoba 1939, tena kwa muda wa vita tu. Lakini kilipoondoka, Johnny Smythe wa Sierra Leone aliwaelekeza njia wenzake weupe ndani ya ndege moja, mpaka alipotunguliwa Novemba 1943 na kuwa mateka. Ulric Cross wa Trinidad aliruka safari 80 katika ndege za Mosquito za kikosi namba 139, kilichopewa jina la Jamaika kwa sababu watu wa kisiwa hicho walichanga fedha za kununulia ndege. Baada ya vita alisomea sheria, na mwaka 1967 akaapishwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, alikotumikia hadi 1971.