Mzee Martin Boehm, Mkulima wa Lancaster

Leo twataka kuwaeleza habari za mkulima mmoja, Martin Boehm, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1725 katika wilaya ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, akafariki huko huko Lancaster tarehe 23 Machi 1812, mzee wa miaka 86. Alizaliwa katika nyumba ya Wamennonite, akawa mhubiri wao, tena akawa askofu wao. Lakini siku alipokufa hakuwa tena mshiriki wao, kwa maana walikuwa wamemtenga zamani. Tumeona vema kuisimulia habari hii kwa sababu mambo ya kutengana hayajakoma katika makanisa yetu, na mara nyingi twayasikia kwa upande mmoja tu.

Kwanza tuwafahamu watu wake. Wamennonite wanaitwa hivyo kwa jina la Menno Simons, padre wa Uholanzi aliyeliacha Kanisa la Roma mwaka wa 1536. Walifundisha kwamba abatizwe yule aliyeamini mwenyewe, si mtoto mchanga. Kwamba Mkristo asiape mbele ya serikali. Tena asishike upanga, hata kama nchi iko vitani. Kwa mafundisho hayo wengi walichomwa moto, wengine walizamishwa mtoni, wengine walinyang'anywa mashamba na kufukuzwa. Wala tusidhani kwamba waliowatesa walikuwa Wakatoliki peke yao. Katika miji ya Uswisi kama Zürich na Bern waliowatia gerezani na kuwafukuza walikuwa Waprotestanti wa Kanisa la Reformed, ndugu zetu wa karibu kwa mafundisho. Jamaa ya Boehm ilitoka Uswisi. Baba yake Martin, jina lake Jacob, alivuka bahari mwaka wa 1715 akafika Pennsylvania, mahali ambapo William Penn alikuwa ametoa uhuru wa dini kwa kila mtu.

Huko walipata udongo mzuri wenye mawe ya chokaa chini yake. Walilima ngano, wakafuga, wakajenga. Lakini hawakusahau. Mwaka wa 1748, mahali paitwapo Ephrata katika wilaya ile ile ya Lancaster, kulipigwa chapa kwa Kijerumani kitabu kikubwa chenye habari za mashahidi wao waliouawa kwa ajili ya imani. Kitabu hicho kilikuwa na kurasa zaidi ya 1,500, na mafundi kumi na watano walikifanyia kazi miaka mitatu. Martin alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi. Msikisahau kitabu hicho, kwa maana tutakirudia.

Mwaka wa 1753 Martin alimwoa Eve Steiner, wakaendelea na shamba. Mwaka wa 1756 kanisa lao likahitaji mhubiri. Kwa Wamennonite wa siku zile mhubiri hakupelekwa chuoni wala hakulipwa mshahara. Majina ya wanaume kadhaa yalitajwa na washiriki, kisha kura ikapigwa, kama mitume walivyofanya walipomchagua Mathiya. Kura ikamwangukia Martin Boehm. Hakuitafuta kazi hiyo wala hakuitaka, lakini kwao aliyechaguliwa na kura alichaguliwa na Mungu, basi hakuweza kukataa.

Hapo ndipo shida yake ilipoanza. Alisoma Biblia kwa bidii, akajaribu kuyaweka maneno moyoni, lakini kila aliposimama mbele ya watu maneno yalimtoka yote. Alisema machache kwa kigugumizi, akaketi kwa aibu. Mhubiri asiye na la kuhubiri! Wengine wetu tukipatwa na jambo kama hilo tungetafuta kitabu cha mahubiri tukayasoma ya mwingine. Martin hakufanya hivyo. Alianza kuomba ili apewe neno, na kadiri alivyoomba ndivyo alivyotambua kwamba neno lilikosekana kinywani kwa sababu lilikosekana moyoni. Alikuwa akiwaambia watu habari za wokovu, na yeye mwenyewe hakuujua.

Siku moja alikuwa akilima kwa plau. Kila alipofika mwisho wa mfuo alipiga magoti akaomba, kisha akawageuza farasi akaendelea. Lakini neno moja la Kijerumani lilimfuata huku na huku, neno la kusema kwamba amepotea. Alipofika katikati ya shamba hakuweza kungoja mwisho wa mfuo. Akaanguka pale pale katika udongo uliolimwa, akamlilia Mungu amwokoe, kwa kuwa amepotea. Likamjia lile fungu la Luka 19:10, Bwana alipomwambia Zakayo sababu ya kuja kwake duniani. Furaha ikamwingia. Akaliacha plau, akaenda nyumbani kumweleza mkewe.

Jumapili iliyofuata hakukosa la kusema. Alisimama akawaeleza washiriki mambo yaliyompata, na wengine wakalia machozi. Hebu fikirini, ndugu, jambo hilo lilivyosikika kwa wazee wa kanisa. Huyu alikuwa amebatizwa kwa utaratibu, akachaguliwa kwa kura, tena hakuna aliyemjua kwa uovu. Naye sasa anasema mbele ya watu wote kwamba alikuwa amepotea mpaka juma lililopita. Kama mhubiri alikuwa amepotea, je, sisi tulioketi hapa? Wale wanaowajua ndugu wa uamsho wa Afrika Mashariki hawataona neno hili kuwa geni. Limeleta furaha katika nyumba nyingi, na limeleta magomvi pia.

Baada ya miaka michache Martin alifanywa askofu. Mwaka wa 1761 alisafiri kwenda Virginia kuwatazama Wamennonite wenzake, akakutana huko na watu walioamshwa kwa mahubiri ya George Whitefield wa Uingereza. Aliona kwamba jambo lililompata shambani limewapata na wengine ambao si Wamennonite. Tangu hapo alianza kufanya mikutano mikubwa ya siku mbili au tatu, penye nafasi ya kutosha watu wengi.

Mkutano uliokumbukwa kuliko yote ulifanyika wakati wa Pentekoste mwaka wa 1767, katika banda kubwa la mkulima aitwaye Isaac Long, huko huko Lancaster. Mabanda ya wakulima wale yalijengwa makubwa kuliko nyumba zao, mifugo ikikaa chini, nyasi na nafaka zikiwekwa juu. Boehm alihubiri, mtu mfupi, mwenye ndevu ndefu na mavazi ya kawaida ya Wamennonite. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mchungaji Philip William Otterbein, mtu mrefu, msomi aliyetoka Ujerumani mwaka wa 1752 kulitumikia Kanisa la Reformed. Mahubiri yalipokwisha Otterbein alimwendea yule mkulima, akamkumbatia, akamwambia kwa Kijerumani: “Sisi ni ndugu.”

Hivi leo neno hilo ni rahisi kwetu, maana tunaitana ndugu hata bila kufikiri. Lakini kumbukeni tulivyosema juu ya Zürich na Bern. Kanisa la Otterbein lilikuwa ni la jamaa moja na lile lililowafukuza mababu wa Boehm. Mmoja alibatiza watoto wachanga, wa pili aliona ubatizo huo si kitu. Mmoja alisoma lugha za kale katika chuo, wa pili alijifunza kuomba nyuma ya plau. Nao walikumbatiana mbele ya watu wote, na inasimuliwa kwamba wengi mle bandani walitokwa na machozi.

Lakini wako ambao hawakufurahi. Kati ya miaka ya 1775 na 1780 Wamennonite wa Lancaster walimtenga Martin Boehm. Shtaka lao kubwa lilikuwa kwamba ameshirikiana na watu waendao katika njia pana, watu wanaokwenda vitani na wanaoapa viapo. Tena walisema kwamba ametamka maneno yasiyopatana na mafundisho yao. Wakamnyang'anya uaskofu, wakamwondoa katika ushirika, na watu wakamwepuka.

Wahubiri wengi wanaoisimulia habari hii huwafanya wazee wale kuwa Mafarisayo, kisha wakaenda zao. Sisi twaona si haki. Vita vya Marekani vya kudai uhuru wake kutoka Uingereza vilianza mwaka wa 1775, na Wamennonite waliokataa kushika bunduki na kuapa walitozwa faini wakaitwa wasaliti. Kile kitabu cha mashahidi tulichokitaja, nakala ambazo hazijauzwa zilikuwa bado zimewekwa pale Ephrata. Askari walikuja wakazichukua, wakazirarua karatasi ili kushindilia baruti katika bunduki zao. Ndiyo, habari za watu waliokufa kwa kukataa upanga zilitumiwa kupiga risasi! Basi wakati wenyewe huo, askofu wao anapiga magoti pamoja na watu ambao wana wao wako katika jeshi. Je, wewe ungekuwa mzee wa kanisa lile ungefanya nini? Kwa maoni yetu hawakukosea juu ya hatari waliyoiona. Walikosea juu ya mtu. Walidhani ameuacha msalaba wa baba zao, kumbe alikuwa amegundua kwamba Msulubiwa anajulikana hata nje ya nyumba yao. Hasara iliwapata pande zote mbili: kanisa lilipoteza mhubiri wake mwenye moto, na wengi waliomfuata Boehm, baada ya miaka, walisahau kabisa mafundisho ya amani waliyolelewa nayo.

Boehm hakukimbilia kuanzisha kanisa jipya. Alimwachia mwanawe Jacob shamba, akapanda farasi akaendelea kuhubiri mabandani na majumbani kwa Kijerumani. Ilipita miaka ishirini hivi. Ndipo tarehe 25 Septemba 1800, katika nyumba ya Peter Kemp karibu na Frederick, Maryland, wahubiri wa mikutano ile walikubaliana kuitwa Ndugu Waliounganika katika Kristo, wakawachagua Otterbein na Boehm kuwa maaskofu. Wote wawili walikuwa wamepita miaka sabini. Kanisa hilo liliungana na lingine mwaka wa 1946, tena na Wamethodisti mwaka wa 1968, na kutokana na muungano huo limekuwapo Kanisa la United Methodist, ambalo lina washiriki hata katika nchi zetu.

Wamennonite wa Lancaster nao wana habari yao, tena sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani yake. Mwaka wa 1934 walituma wamisionari wao Tanganyika, wakajenga kituo cha kwanza Shirati, karibu na mpaka wa Kenya, na kutoka huko kazi ikaja mpaka kwetu Nyanza. Mwaka wa 1942 uamsho uliingia Shirati. Wamisionari na Waafrika walisimama pamoja wakaungama dhambi zao, wengine wakisema kwamba walikuwa wakiitumikia kazi ya Mungu bila kuwa na amani naye. Wamisionari waliporudi kwao walizipeleka habari hizo Lancaster, wilaya ile ile ambayo mkulima mmoja alitengwa. Safari hii walisikilizwa.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka wa 1791 kanisa la mawe lilijengwa katika ardhi ya shamba la Boehm, likaitwa kwa jina lake, na Wamethodisti wakahubiri humo. Francis Asbury, askofu wao, alikuwa mgeni wake mara nyingi, na Henry, mwanawe mdogo, alisafiri na Asbury kwa farasi tangu mwaka wa 1808, miaka kama mitano. Mzee mwenyewe hakuacha kusafiri mpaka miaka yake ya mwisho.

Katika Machi 1812 aliugua siku chache tu. Inasimuliwa kwamba alipoona saa yake imefika aliomba wamwinue kitandani, kwa kuwa alitaka kuimba na kuomba mara moja tena. Wakamwinua. Akaimba kwa sauti iliyosikika, akaomba, kisha akajilaza tena kwenye mto, akafa. Henry hakuwapo. Alikuwa njiani pamoja na Asbury wakielekea nyumbani, na walipofika walikuta baba amekwisha kuzikwa. Mwanzoni mwa Aprili Asbury alihubiri katika kanisa lile la mawe kwa ajili ya marehemu. Alichukua Yohana 1:47, mahali Bwana alipomwona Nathanaeli akija, akasema hakuna hila ndani yake.

Otterbein alimfuata mwaka uliofuata, katika Novemba 1813. Henry alikaa sana duniani. Alifariki mwaka wa 1875 akiwa na miaka 100. Kanisa la mawe lingali limesimama, na kaburi la mzee liko karibu nalo, katika nchi ambayo Wamennonite wangali wanailima hata leo.