HISTORIA YA AFYA PWANI YETU, SEHEMU YA 6: Kupe, papasi na funza. Kwa nini mgeni ndiye anayeumia?

Leo naandika kwa ajili ya nyie mnaohamia huku kwetu. Najua mpo wengi. Mnanunua mashamba Ubena, Mdaula, Lugoba, Msata. Wengine mnakuja na ng'ombe, wengine na familia na magodoro kwenye kirikuu. Maswali yenu nayasikia: maji yapo? Umeme umefika? Eka shilingi ngapi? Yote ya msingi. Ila kuna moja silisikii kabisa: nyumba nitakayofikia, kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu kuna nini?

Ukiuliza wenyeji utajibiwa, "Aah, hao wadudu wa kawaida tu, sisi hatuumwi." Hilo jibu ndilo nataka tulichunguze leo, kwa sababu lina historia ndefu na limegharimu watu na mifugo. Andaa chai, post ni ndefu.

Kwanza tusichanganye majina, maana watu wanawaita wote "kupe".

KUPE anakaa kwenye majani. Anamrukia nani? Hamrukii mtu. Anapanda juu ya jani, ananyoosha miguu ya mbele, anasubiri mnyama au mtu apite. Akishika, anang'ang'ania siku kadhaa.

PAPASI ni ndugu yake, ila huyu ni wa ndani ya nyumba. Mchana amejificha kwenye vumbi na nyufa za udongo, usiku anatoka, anakunyonya kwa muda mfupi, anarudi zake. Asubuhi humwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula na bado akawa hai.

FUNZA, wengine mnamwita tekenya, si kupe kabisa. Ni aina ya kiroboto. Jike linaingia kwenye ngozi, hasa vidoleni na kwenye kisigino, linavimba na mayai yake humo humo.

Sasa twende kwenye historia, moja baada ya nyingine.

1. NG'OMBE WALIOTOKA PWANI

Wafugaji mnaijua ndigana kali. Mnajua jina lake la kimataifa? Wazungu waliiita "homa ya pwani ya mashariki". Pwani yenyewe ndiyo hii yetu. Ilikuwaje?

Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika ikafyeka ng'ombe kutoka huku hadi kusini. Baada ya hapo walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakawa wanatafuta ng'ombe wa kujazia mazizi. Mwaka 1901 na 1902 wakaingiza wengine kutoka pwani ya Afrika Mashariki kupitia bandari ya Beira. Hawa walionekana wazima kabisa. Wakati huohuo Cecil Rhodes aliagiza ng'ombe kutoka Australia, nao wakashushwa Beira. Wale wa Australia wakafa karibu wote. Kisha ugonjwa ukaenea kwenye mazizi ya Rhodesia na Afrika Kusini.

Mwaka 1903 wakamwita daktari Mjerumani, Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu. Alipoangalia damu kwenye darubini, akakumbuka aliwahi kuona kitu kama hicho Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, kwenye damu ya ng'ombe wa pwani. Akasema ugonjwa huu ni wenyeji wa pwani. Ng'ombe waliozaliwa huku waliupata wakiwa ndama, waliokufa wakafa, waliobaki wakawa na kinga. Anayeubeba ni kupe.

Ona hapo. Ng'ombe wa pwani hakuumwa, kwa hiyo kila mtu akaamini ni salama. Aliyekufa ni ng'ombe mgeni aliyewekwa naye malisho mamoja. Ndugu mfugaji unayeshuka na ng'ombe kutoka bara, ukikuta ng'ombe wa mwenyeji wananawiri usiseme hakuna kupe. Muone afisa mifugo kabla hujachanganya mifugo, uliza ratiba ya josho na chanjo ya ndigana.

2. WASAFIRI WALIOLALA KAMBINI

Miaka miwili baadaye, 1905, Koch huyohuyo alikuja tena huku kwetu. Safari hii ilihusu homa ya watu. Wazungu na wasafiri waliotoka pwani kwenda bara walikuwa wanashikwa na homa kali, inapoa siku kadhaa mtu anadhani amepona, halafu inarudi. Kwinini haikusaidia kitu.

Kumbuka enzi zile hakukuwa na lami ya Chalinze. Miaka mingi misafara ilianzia Bagamoyo, ikavuka mto Ruvu, ikapita nchi hii ya Wakwere na Waluguru mpaka Morogoro, Mpwapwa, Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe wakija na vitambaa wakirudi. Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, njia ya Dar kwenda Morogoro nayo ikapata nguvu. Na msafara haulali popote tu. Unalala kambi ileile waliyolala wa jana, kwenye vibanda vilevile, karibu na maji yaleyale.

Koch akaenda njia ya Morogoro mpaka Iringa. Badala ya kutafuta kwenye majani, akachimbua udongo mkavu ndani ya vibanda vya kambi, sehemu ambazo mvua haifiki. Akakuta papasi. Akawapasua, akakuta vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama skrubu, vilevile vinavyoonekana kwenye damu ya mgonjwa. Akaangalia mayai ya papasi, navyo vimo! Yaani mama papasi anawarithisha watoto. Nyumba ikishapata papasi wenye ugonjwa, kukaa tupu haiisafishi. Wanangoja.

Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: usilale kwenye vibanda vya zamani vya kambi, piga hema lako pembeni, mbali kidogo. Papasi si mtembezi, haendi mbali na mahali pake.

Na wenyeji? Walimwambia hawaumwi. Koch akaona ni jambo lilelile la ng'ombe: wameugua utotoni, waliopona wana kinga. Sasa mimi kama nesi naomba usome hapo taratibu. "Wameugua utotoni" maana yake kuna watoto waliougua, na si wote waliopona. Mtu mzima anayekuambia "sisi hatuumwi" ni yule aliyebaki. Na hata kwa mwenyeji, mama mjamzito ana hatari kubwa: homa ya papasi inaharibu mimba, inaleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nayo akafa.

Koch hakuwa peke yake. Uganda mwaka 1904, Ross na Milne walikuwa wameshaona kwamba homa hii inatokana na papasi. Mashariki ya Kongo, Mwingereza Dutton na Mkanada Todd walithibitisha hivyo hivyo, na wote wawili wakaambukizwa. Joseph Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905 akiwa na miaka 30. Kijidudu cha homa ya papasi kinabeba jina lake mpaka leo. Na Kasongo ulikuwa mji gani? Mji wa Tippu Tip, kituo kikubwa cha misafara. Kambi tena!

Usidhani haya yaliisha na Wajerumani. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Mvumi, Dodoma, bado walikuta papasi kwenye nyumba za udongo na homa yenyewe kwa watu.

3. FUNZA ALIYEVUKA BARA

Huyu ni tofauti, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Inaelezwa kwamba mwaka 1872 meli iliyotoka Rio de Janeiro, Brazil, ilifika Ambriz, Angola, na mchanga uliokuwa ndani yake ulikuwa na funza. Kutoka hapo akapanda miguuni kwa watu: askari, wapagazi, wafanyabiashara. Akapita Kongo, akafika kwenye maziwa makuu, na kabla karne haijaisha alishaiona Bahari ya Hindi. Bara zima, kwa mwendo wa mguu!

Hapa hapakuwa na mwenyeji mwenye uzoefu. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann alipita kusini mwa Ziwa Victoria, akaeleza vijiji ambako watu waliumizwa miguu na funza mpaka wakashindwa kwenda kuvuna. Fikiria njaa inayoletwa na kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Watu hawakujua kumtoa, vidonda vikaoza, vidole vikakatika. Baadaye walijifunza kumtoa kwa ncha ya mwiba au sindano, na huo ujuzi wa bibi zetu uliokoa miguu mingi.

4. SASA WEWE UNAYEHAMIA

Kabla ya kulala nyumba ya zamani ya udongo, hasa iliyokaa tupu, toa kila kitu, ziba nyufa za ukuta, piga sakafu ya saruji ukiweza. Kama saruji haijapatikana, kandika udongo vizuri uzibe nyufa zote.

Usilaze watoto chini. Kitanda kikae mbali na ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kuku na mbuzi wasilale chumba kimoja na nyie.

Shambani vaa suruali ndefu, ichomeke kwenye soksi au buti. Jioni mkaguane, hasa watoto: kwapani, kinenani, nyuma ya masikio, kichwani. Ukikuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kupinda. Usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa.

Viatu kwa watoto, hata nyumbani. Funza akishaingia, aje atolewe kituoni kwa sindano safi. Sindano moja kuzunguka watoto watano ni njia ya kupeana homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Na uliza chanjo ya pepopunda, kile kidonda kidogo kinatosha kuileta.

La mwisho, na hili ndilo naomba mlishike kuliko yote. Ukipata homa baada ya kuhama, ukapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka ikatoka hakuna, usirudi nyumbani ukasema "ni uchovu wa safari". Kipimo kile kinatafuta malaria tu, homa ya papasi hakiioni. Inaonekana mtu akiangalia tone la damu kwenye darubini, na vizuri zaidi likichukuliwa wakati homa imepanda. Sasa mhudumu atajuaje aangalie? Mwambie mwenyewe: "Nimehamia wiki tatu zilizopita, nalala nyumba ya udongo, homa iliisha ikarudi." Sentensi hiyo moja inabadilisha kazi yetu yote. Dawa zipo na zinatibu, ila usijinunulie duka la dawa. Dozi ya kwanza inaweza kupandisha homa na kushusha presha ghafla, kwa hiyo ni bora uianze ukiwa chini ya uangalizi wetu. Mjamzito asisubiri hata siku moja.

Mtumie post hii mtu unayemjua anayehamia huku. Maswali andikeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Sehemu ya 7 tutazungumzia matende na mabusha.