Lango la Kiingereza na Hisabati katika Uanagenzi wa Uingereza

Mwanagenzi wa matunzo ya wazee anayekaribia kumaliza ngazi ya tatu huwa amekwisha kuthibitisha mengi. Anajua kumgeuza mzee kitandani bila kumchubua, na anaandika kumbukumbu za zamu ambazo mwenzake wa usiku anazitegemea. Hata hivyo, kwa miaka mingi Uingereza (siizungumzii Scotland wala Wales, zenye taratibu zao) ilimsimamisha kabla ya tathmini ya mwisho, katika hatua ambayo jina lake rasmi lina maana ya lango. Hapo alidaiwa cheti cha Kiingereza na hisabati. Kama hakupata angalau daraja la 4 katika mtihani wa sekondari wa GCSE, ilimbidi afaulu mtihani mbadala wa Kiingereza na hesabu za matumizi. Aliyeshindwa alibaki na ufundi usio na cheti.

Sharti hili halikutungwa kwa nia mbaya. Mwaka 2012 Doug Richard, mjasiriamali aliyepewa na serikali kazi ya kuuchunguza uanagenzi, alipendekeza kwamba asihitimu mtu ambaye hajafikia ngazi ya pili katika masomo hayo mawili. Hoja yake naiheshimu, kwa sababu fundi umeme asiyeweza kukokotoa mzigo wa waya anahatarisha nyumba ya watu. Kasoro ninayoiona imo katika kipimo kilichochaguliwa.

Mtihani huo mbadala ulifanyiwa marekebisho mwaka 2019. Sehemu moja ya mtihani wa hisabati hufanywa bila kikokotoo, na katika uandishi mtahiniwa haruhusiwi kufungua kamusi wala kutumia programu ya kusahihisha tahajia. Lakini kazini nani anakatazwa kamusi? Mhamiaji aliyekua akizungumza Kiswahili au Kisomali anaweza kumtuliza mzee mwenye hofu kwa Kiingereza fasaha, kisha akaangushwa na tahajia. Wakati huohuo, kanuni za uanagenzi zinakubali Lugha ya Alama ya Uingereza kuwa badala ya Kiingereza kwa wanagenzi viziwi wanaoitumia. Kwa hiyo watunga kanuni wanajua kwamba mawasiliano yana njia zaidi ya moja. Ujuzi huo waliufikisha kwa viziwi tu wakaishia hapo.

Fedha nazo zilichangia kikwazo hiki. Hadi mwishoni mwa 2023, taasisi ya mafunzo ililipwa pauni 471 kwa kila somo kati ya hayo mawili, na Januari 2024 malipo yakapanda hadi pauni 724. Kumfundisha upya mtu aliyeichukia hisabati tangu utotoni ni kazi ya miezi, na taasisi inayopiga hesabu za gharama ina kila sababu ya kumkwepa tangu siku ya kujiandikisha.

Februari 2025 serikali iliwaondolea sharti hilo wanaoanza uanagenzi wakiwa na umri wa miaka 19 au zaidi, ikikadiria kwamba hadi wanagenzi 10,000 zaidi wangeweza kuhitimu kila mwaka. Naiunga mkono hatua hiyo, ila nina malalamiko mawili. Kwanza, walio chini ya umri huo wamebaki palepale, ilhali kijana wa miaka 17 aliyekimbilia ufundi ndiye aliyetoka darasani juzi akiwa ameshindwa. Pili, uamuzi kuhusu mtu mzima umewekwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa mwajiri. Mwajiri mwenye upungufu wa wafanyakazi hatakuwa mwepesi kutoa saa za masomo, hata kama mwanagenzi mwenyewe anatamani kusoma. Kumwondolea mtu mtihani ni jambo moja. Kumnyima mwalimu ni jingine, tena ni dhuluma.

Dai langu ni kwamba hesabu na lugha zipimwe ndani ya fani. Mwashi hukadiria matofali, mchanga na saruji kila siku, na akikosea, ukuta unamuumbua. Mtathmini anayekagua kama ukuta huo umenyooka anaweza, papo hapo, kumuuliza kijana amepataje idadi ya matofali aliyoagiza, akampa alama kwa jibu lake.