Siku ya Kuhesabiwa Yerusalemu

Usiku wa kuamkia uhakiki hakuna anayelala humu kambini. Saa kumi alfajiri foleni imeshashikwa kwa mawe na ndoo, na atakayekosekana jina lake likiitwa, shauri yake. Shangazi yangu alikosekana mwaka mmoja kwa sababu alikuwa wodini na mtoto. Kadi yake ya posho ikafungwa miezi minne, na miezi hiyo yote alikula kwenye sufuria letu.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliponiuliza, "Mwalimu, Wapalestina wa Yerusalemu ni wakimbizi ama ni wenyeji?" nilianzia kwenye siku ya kuhesabiwa.

Vita vya 1948 viliupasua mji ule. Magharibi ikachukuliwa na Israel. Mashariki, pamoja na Mji wa Kale, ikabaki mikononi mwa Jordan. Mwezi Juni 1967 Israel iliteka mashariki nayo, ikaongeza kilomita za mraba zipatazo 70 kwenye manispaa yake, halafu ikahesabu watu. Waliokutwa, kama 66,000 hivi, walipewa ukaazi wa kudumu. Uraia hapana. Aliyekuwa Kuwait kwenye kibarua au Amman kwenye masomo hakuandikwa, hata kama babu yake alizaliwa mtaa uleule. Tangu siku hiyo akawa mgeni wa kuomba kibali.

Na hilo neno "kudumu" lisikudanganye. Ukaazi wenyewe unatawaliwa na Sheria ya Kuingia Israel ya 1952, sheria ya wageni wanaohamia nchini. Watu hawa hawakuhamia popote, mpaka ndio uliowapita juu ya kichwa. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Israel iliamua kwamba ukaazi huo unakufa wenyewe mtu akihamishia maisha yake kwingine. Kuanzia 1995 wizara ya mambo ya ndani ikawa inadai ushahidi kwamba "kitovu cha maisha" yako kimo ndani ya mji. Ushahidi gani? Risiti za umeme na maji, mkataba wa pango, barua ya shule ya watoto, na stakabadhi za arnona, ile kodi ya manispaa. Ukishindwa, unapoteza haki ya kuishi mjini, na bima ya afya inakwenda nayo. Tangu 1967 waliopokonywa ukaazi ni zaidi ya 14,000.

Sasa risiti haiji bila nyumba. Kwa hesabu ya ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada, ardhi ya Yerusalemu Mashariki iliyopangwa kwa ujenzi wa Wapalestina ni asilimia 13 tu, na sehemu kubwa yake imeshajaa. Kibali cha kujenga ni ghali na hakipatikani kirahisi. Anayejenga bila kibali anabomolewa, na wapo wanaoshika nyundo wakabomoa wenyewe ili wasije wakadaiwa gharama za tingatinga.

Hapa naomba nikae kidogo, maana habari ya Sheikh Jarrah inatuhusu sisi wenye kadi. Mwaka 1956 familia 28 za wakimbizi zilipewa nyumba pale: ardhi ilitoka kwa serikali ya Jordan, na UNRWA ikagharamia ujenzi. Sharti lilikuwa warudishe kadi zao za posho. Nao wakaahidiwa hati za nyumba baada ya miaka mitatu. Kadi walirudisha. Hati hazikuandikishwa. Mwaka 1970 Israel ikatunga sheria inayowaruhusu Wayahudi kudai mali walizozipoteza mashariki mwaka 1948, lakini Mpalestina aliyeacha nyumba magharibi mwaka uleule hana sheria kama hiyo. Kwa njia hiyo, mwaka 2008 na 2009, baadhi ya familia zile zilitolewa nje na vyombo vyao. Niliuliza darasani nani angerudisha kadi apewe nyumba. Mikono yote ikapanda. Msichana mmoja akaushusha wake, akauliza, "Hati tunapewa siku hiyohiyo?"

Kuna pia kambi ya Shu'fat, iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1960 kwa watu waliohamishwa kutoka Mji wa Kale. Ndiyo kambi pekee iliyomo ndani ya mipaka ya manispaa. Ukuta ulipojengwa baada ya 2002, ukaiacha upande wa pili. Wenye ukaazi humo wanalipa arnona kama wengine, lakini taka zinarundikana na gari la wagonjwa linachelewa kituo cha ukaguzi. Hata hivyo watu wanazidi kuingia, hata wasio wakimbizi, yaani wanaikimbilia kambi! Pango ni nafuu, na anwani inabaki ya Yerusalemu. Ghorofa zimebanana hadi jua halifiki chini. Mwezi Mei 2025 polisi wa Israel walifunga shule za UNRWA zilizokuwa humo.

Mwanafunzi wangu nilimjibu kwamba wengi wao ni vyote viwili.

Jioni nilimsimulia shangazi. Habari za mahakama hazikumshughulisha. Alichouliza ni hizo risiti za miaka yote watu wanaziweka wapi, zisiliwe na panya. Kisha akateremsha kopo lake la biskuti juu ya kabati, akaanza kuhesabu karatasi zake moja moja.