Mche Mpumbavu na Ngano Iliyosimama

Kwetu Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mkulima wa ngano haogopi ukame peke yake. Huogopa pia mvua ya usiku yenye upepo, ikija wakati masuke yamekwisha kujaa. Nilipokuwa shule ya msingi, asubuhi moja nilimkuta babu amesimama ukingoni mwa shamba, mikono nyuma, ngano yote imelala chini kana kwamba ng'ombe walikesha juu yake. Tulivuna kwa mundu tukiwa tumeinama siku nzima, na punje nyingi zilikuwa zimeoza au zimeota zikiwa bado sukeni. Mwaka ule babu alikuwa ametia mbolea kwa mara ya kwanza. Majirani walisema mbolea ndiyo iliyomponza, nao hawakukosea kabisa. Katika insha hii nitaeleza jinsi binadamu alivyojifunza kuifanya nafaka isimame.

Nafaka hulala kwa sababu rahisi: bua ni refu na jembamba, suke ni zito. Zamani jambo hili halikuwa kubwa sana, kwa kuwa mashamba yalizaa kidogo na masuke yalikuwa mepesi. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1913, pale kiwanda cha Oppau nchini Ujerumani kilipoanza kutengeneza amonia kwa kutumia naitrojeni ya hewani. Polepole mbolea ikapatikana kwa wingi. Lakini ngano iliyolishwa vizuri ilirefuka, ikabeba suke zito, kisha ikaanguka. Mkulima aliyeongeza mbolea alijikuta anaongeza hasara.

Jibu lilianzia mahali ambapo hakuna aliyelitazamia: katika ugonjwa wa mpunga. Wakulima wa Japani waliujua ugonjwa walioupa jina la bakanae, yaani mche mpumbavu. Mche ulioupata ulikua upesi kuliko wenzake, ukawa mrefu, mwembamba na wa rangi ya kimanjano, kisha mara nyingi ukafa bila kuzaa. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, mtafiti Mjapani aliyefanya kazi Taiwan, alikuza kuvu wa ugonjwa huo ndani ya maji yenye virutubisho, akayachuja maji yale mpaka kuvu wakaisha, kisha akayatumia kwenye miche mizima. Miche ikarefuka vilevile. Kumbe si kuvu wenyewe waliorefusha mpunga, bali kitu walichokitoa. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta alikipa kitu hicho jina la jiberelini, na mwaka 1938 yeye na Yusuke Sumiki wakatangaza kwamba wamekipata kikiwa fuwele. Katika miaka ya 1950 ilidhihirika kwamba hata mimea yenye afya hujitengenezea jiberelini. Ni homoni yake ya kurefuka. Kuvu walikuwa wakiizidisha tu.

Hapo swali likageuka. Kama homoni ikizidi mmea huwa mrefu na dhaifu, je, ikipunguzwa? Mwaka 1960 N. E. Tolbert wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alichapisha taarifa za kemikali zilizofupisha ngano. Mojawapo ni ile inayoitwa klomekwati. Baadaye ilifahamika kwamba huzuia mmea usitengeneze jiberelini ya kutosha. Ikinyunyizwa wakati bua linaanza kurefuka, pingili huwa fupi na bua hubaki imara, ikichelewa, haisaidii. Kemikali za namna hii huitwa vidhibiti ukuaji. Si mbolea, wala si dawa ya wadudu. Kazi yake ni kulinda mavuno ambayo mbolea imekwisha kuyaahidi. Wakulima wa Ulaya Magharibi, hasa Wajerumani, waliipokea upesi katika miaka ya 1960.

Lakini kulikuwa na njia ya pili, nayo pia ilitoka Japani. Mwaka uleule wa 1935 ilitolewa kwa wakulima wa huko aina ya ngano fupi iliyoitwa Norin 10, kazi ya Gonjiro Inazuka. Baada ya vita, mwaka 1946, Mmarekani Samuel Cecil Salmon alipeleka mbegu zake kwao. Orville Vogel akazichanganya na ngano za jimbo la Washington, kisha akampa Norman Borlaug baadhi ya mbegu hizo huko Meksiko. Mwaka 1962 zikatoka ngano fupi za Meksiko, ambazo baadaye zilibadili kilimo cha India na Pakistani. Borlaug alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970.

Kwa miaka mingi njia hizi mbili zilionekana kuwa habari mbili tofauti. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba ngano fupi zina jeni zinazoufanya mmea usiisikie jiberelini. Mwaka 2002 ikajulikana kwamba mpunga mfupi maarufu IR8, uliotolewa Ufilipino mwaka 1966, una jeni mbovu ya kutengeneza homoni ileile. Jeni hiyo ilitoka katika mpunga wa Taiwan, kisiwa ambako Kurosawa alichuja maji yake. Chupa na mbegu zilikuwa zikigusa kitu kimoja.

Hata hivyo, kwa mkulima mdogo, chupa na mbegu si sawa. Dawa hununuliwa kila msimu, hutaka kipimo sahihi na siku sahihi, na huweza kuacha mabaki kwenye punje. Marekani kwa miaka mingi iliiruhusu klomekwati kwa mimea ya mapambo tu. Mwaka 2018 ndipo ilipoweka kiwango cha mabaki kinachokubalika katika baadhi ya nafaka kutoka nje. Mbegu ya ngano, kwa upande wake, hubeba ufupi wake ndani, na babu anaweza kuitunza ghalani mpaka msimu ujao. Lakini si kila zao limepata bahati hiyo. Kwa jirani zetu wa Ethiopia, tefu bado inalala, na kutia mbolea nyingi ni kuhatarisha mavuno.

Siku hizi babu hupanda ngano fupi, anatia mbolea, na mvua ya usiku haimwamshi tena. Ana lalamiko moja: mabua ni machache, na ng'ombe wake hawashibi. Nilipomweleza habari ya mche mpumbavu alicheka, akasema kwamba hata mtoto akirefuka haraka mno, mama yake huanza kuwa na wasiwasi.