Sandarusi, Si Utomvu

Ukurasa wa 14 wa kijitabu kimoja cha kazi za mikono kwa vijana wanaounda vielelezo vya meli za kivita, ambacho nilikifasiri mwenyewe kwa ujira usiotosha nauli, una kichwa kisemacho: "Kukarabati bunduki za utomvu". Sikuandika hivyo. Niliandika "Kutengeneza mizinga ya sandarusi", nikakabidhi kazi, nikapewa mkono wa shukrani, na kati ya meza yangu na mtambo wa kuchapia ikapita kamati. Kamati haikuniuliza. Ilifungua orodha yake ya istilahi, ikakuta "utomvu sanisi", ikaona maneno mawili ni mengi kwa kichwa kimoja, ikakata la pili.

Bunduki sitaikawilia. Aliyewahi kusimama Ngomeni, Mombasa, mbele ya mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg anajua kwamba kile si kitu cha kutundikwa begani. Kiswahili kimetumia neno moja, mzinga, kwa gogo lililochimbwa ndani wakakaa nyuki na kwa chuma kilichochimbwa ndani ikakaa baruti, na sijaona lugha iliyotazama kitu kwa jicho kali kuliko hilo. Bunduki nayo inatokana na Kiarabu, bunduq, yaani njugu ya Ponto kama Wayunani walivyoiita, kisha gololi ya kurushia, kisha chombo chenyewe cha kurushia. Kamati imechukua mzinga wa meli ya kivita ikaurudisha kwenye njugu. Basi, tuliache hilo.

Utomvu ndio ulionikosesha usingizi. Msomaji wa makala haya anakijua kitu ninachokizungumzia: kile kipande cha kielelezo, cha rangi ya krimu au kijivu, kikavu, chepesi, kinacholia kama ukucha kikidondoka kwenye sahani, na ambacho kikikataa kupinda huvunjika bila kuonya. Sasa mwambie mama yeyote wa pwani kwamba kitu hicho kinaitwa utomvu. Yeye utomvu anaukuta katika fenesi, anapopaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla hajapasua. Anaujua kwenye kanzu ya mtoto aliyecheza migombani, doa lisilotoka hadi nguo iwe tambara. Utomvu ni maji ya mti ulio hai, kazi yake ni kutiririka na kunata. Kipande kikavu chenye kingo kali kukiita utomvu ni sawa na kuuita ukuta tope.

Liko kundi jingine, dogo ila lina kelele, linalopendekeza ulimbo. Hawa angalau wamewahi kutoka nje. Lakini ulimbo hutegea ndege, na sifa yake nzima ni kwamba haukauki. Ulimbo uliokauka si ulimbo, umekosa kazi. Vijana nao wanasema resini, nami sina ugomvi nao, kwa sababu wanakijua wanachokishika. Kasoro ya resini ni kwamba haina ndugu hata mmoja katika lugha. Imeketi peke yake kama mgeni asiyetambulishwa, wakati mwenye nyumba yupo ndani.

Mwenye nyumba ni sandarusi. Karne ya 19 hapakuwa na mfanyabiashara wa Unguja asiyeijua. Ilichimbwa ardhini bara la Tanganyika, Rufiji ikiwemo, mahali ambapo misandarusi yenyewe ilikwisha kufa zamani sana ikaacha machozi yake mchangani. Ikisafishwa, uso wake hutokea vipelevipele kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa, na wanunuzi waliutafuta ushahidi huo kwa vidole. Majahazi yaliileta Unguja, meli za Salem, Massachusetts, zikaipeleka Marekani, ikayeyushwa kuwa vanishi ya samani na ya magari ya farasi. Ni ngumu, ina mng'ao, inakubali kupigwa msasa, na ukiipinda inakatika. Nani alihitaji kamati hapo?

Na kuna jambo ambalo sijaona mtu akilitaja katika vikao vyao vya chai na sambusa. Wachimbaji wa pwani hawakuwa na neno moja, walikuwa na mawili. Sandarusi ni ile iliyokaa ardhini ikakomaa. Ile mbichi, laini, iliyotoka mtini juzi au isiyozikwa vya kutosha, waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Richard Burton, aliyepita Unguja miaka ya 1850, aliandika kwamba wafanyabiashara wa Kizungu walilisikia neno hilo wakaligeuza kuwa tusi lao la punda. Tuache punda wao. Mtu anayetengeneza vipande vya vielelezo leo anakuwa na chupa mbili za vimiminika, anavichanganya, na baada ya dakika chache mchanganyiko unaganda. Wataalamu wetu wameandika mafungu mazima ya maneno kuutenganisha ule usioganda na ulioganda. Mchimbaji wa Rufiji aliutenganisha kwa maneno mawili kabla babu wa mwenyekiti hajazaliwa: kilicho ndani ya chupa ni chakazi, kilichotoka kwenye kalibu ni sandarusi.

Bwana mmoja mwenye shahada mbili, ambaye heshima inanizuia kumtaja, aliniandikia kwamba sandarusi ni ya mti maalumu na kwamba kuipa bidhaa ya kiwandani jina hilo ni "kupotosha sayansi". Nilimjibu, na kwa kuwa hakunijibu nalirudia jibu langu hapa. Neno resin la Waingereza limetoka Kilatini, resina, nalo lilikuwa jina la gundi ya misonobari. Hakuna msonobari katika poliurethani ya kwenye chupa zetu. Walipofika kwetu wakakuta sandarusi, waliiita copal, neno la Kinahuatl kutoka Meksiko lililokuwa la miti mingine kabisa. Na sandarusi yenyewe, tukiifuata kupitia Kiarabu sandarus hadi Kiyunani sandarake, huko mwanzoni ilikuwa jina la jiwe jekundu lenye aseniki. Neno lililotoka kwenye jiwe likapanda mtini halishindwi kuingia kiwandani.

Kuhusu kuzeeka kwa neno, nasema hivi. Mwaka 1907 Königsberg ilianza kazi katika jeshi la majini la Ujerumani, na mwaka huohuo Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, aliomba hataza ya bakelaiti, sandarusi ya kwanza iliyotengenezwa na mwanadamu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuomba chochote kwa mti. Miaka minane baadaye, tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliizamisha Königsberg wenyewe ndani ya delta ya Rufiji baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake kumi ikaopolewa na kufungwa magurudumu, ikapigana vita nchi kavu. Ninapoishika meli hiyo ikiwa ndogo mara 350, mizinga yake imesubiwa kwa sandarusi ya kiwandani, na yenyewe ilizama katika nchi ya sandarusi ya kuchimbwa. Anayeniambia neno limekufa na alitafute kaburi lake.

Nimesema imesubiwa, na hapo naomba nafasi kidogo. Kusubu ni kumimina kilichoyeyuka ndani ya kalibu kikagandia humo, kazi ya masonara wetu tangu zamani. Kijitabu kimeandika "kumwaga". Maji ya kuoshea vyombo ndiyo humwagwa. Kalibu nayo ni qalib ya Waarabu, na wajuzi wengi wa asili za maneno wanakubali kwamba kipimo cha tundu la mzinga ambacho Wafaransa wanakiita calibre kimezaliwa na neno hilohilo. Kwa hiyo mzinga mdogo wa sandarusi unaotoka kwenye kalibu unapimwa kwa mjukuu wa kalibu. Mizinga ya Königsberg ilikuwa ya sentimita 10.5, na urefu wa mtutu ulikuwa mara 40 ya kipimo hicho, yaani mita 4.2. Katika kigezo cha 1 kwa 350 hiyo ni milimita 12, kama punje mbili za mchele zilizopangwa mstari, na mdomo wenye tundu la milimita 0.3. Istilahi ninayoipendekeza kwa ukamilifu wake ni sandarusi ya kusubu, na sioni pa kuipunguza.

Matumizi: "mtutu wa sandarusi umepinda", "sandarusi ina vitobo", "chakazi haijaganda". Inatosha.

Kwa wanaosema mimi ni mtu wa makamusi tu nisiyegusa kitu, mezani nina mzinga wa nane. Ulifika umepinda kama mkia wa mjusi, na kikonyo chake, yaani kile kibonge kinachobaki pale chakazi ilipoingilia kwenye kalibu, kimeganda chini ya ngao kwa ukaidi. Niliuosha kwa sabuni kwanza, maana mafuta ya kalibu hukataa rangi. Nikautia kwenye kikombe cha maji ya moto, nikaunyosha kwa kibano, nikauzamisha kwenye maji baridi kabla haujabadili nia. Kikonyo nilikikata kwa msumeno wa uzi. Msasa niliupiga kwenye maji, pua nimeifunga, kwa kuwa vumbi la sandarusi halina rafiki kwenye mapafu. Kitobo cha hewa ubavuni mwa ngao nilikiziba kwa supagluu na poda ya mtoto. Kisha, nilipojaribu kuutoboa mdomo kwa kekee ya vidole, mtutu ukakatika katikati, ukaruka, na mpaka leo uko mahali fulani katika mkeka. Nimeuweka waya wa shaba badala yake, na ukiniuliza, ni mzuri kuliko wa awali. Utomvu usingekatika. Ulimbo ungening'ang'ania vidoleni hadi Ijumaa.

Nimeambiwa toleo la pili la kijitabu liko njiani kwenda mtamboni. Nimeandika barua mbili kuomba nionyeshwe ukurasa wa 14 kabla haujachapwa. Ya kwanza ilijibiwa kwamba "imepokelewa na itashughulikiwa". Ya pili haijajibiwa, na kwa sasa nimebakiwa na mizinga miwili ya kunyosha.